Tiba ya sindano kwa kano la mkimbiaji: Inasaidia wapi, inakomea wapi?

MASHABIKI wa riadha nchini Kenya hawajasahau fainali ya mbio za mita 10,000 ya Septemba 25, 2000, jijini Sydney, Australia. Paul Tergat alichomoka katika mzunguko wa mwisho, akaiona nishani ya dhahabu mbele yake, kisha akapitwa hatua chache kabla ya utepe na Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Tofauti baina yao ilikuwa sekunde 0.09 pekee.

Jambo ambalo watazamaji wengi hawakulijua siku hiyo ni kwamba mshindi alikuwa amekimbia akiuguza kano la kisigino. Baada ya michezo hiyo Gebrselassie alifanyiwa upasuaji. Miaka minne baadaye, katika Olimpiki ya Athens, maumivu ya kano yalimsumbua tena, akamaliza wa tano.

Jeraha hilo halibagui bingwa na anayeanza. Katika kambi za mazoezi za Iten, Kaptagat na viunga vya Eldoret, ambako miguu ndiyo shamba na ndiyo karo ya watoto, kano linalouma laweza kumpotezea mwanariadha msimu mzima na mapato yake. Si ajabu basi kwamba wengi huwa tayari kujaribu tiba yoyote inayoahidi kuwarejesha barabarani mapema, ikiwemo tiba ya sindano ya Wachina, maarufu kama akupancha.

Je, sindano nyembamba isiyo na dawa yaweza kuponya kano? Kwa kifupi, utafiti uliopo unaonyesha kwamba sindano inaweza kutuliza maumivu, lakini kano lenyewe hujengwa upya kwa kazi inayopimwa hatua kwa hatua. Anayeyachanganya mambo hayo mawili hujitia hatarini.

KANO LENYEWE

Kano la Achilles ndilo kano nene na lenye nguvu kuliko yote katika mwili wa binadamu. Lina urefu wa takriban sentimita 15, na kazi yake ni kuunganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Mtu akilipapasa nyuma ya kifundo cha mguu hulihisi kama kamba iliyokazwa.

Jina lake limetokana na visasili vya Wagiriki wa kale. Inasimuliwa kuwa shujaa Achilles alipokuwa mtoto alichovywa na mamaye katika mto Styx ili mwili wake usipenywe na silaha yoyote. Kisigino alichoshikiwa hakikulowa maji, na hapo ndipo mshale ulipomwangusha ukubwani.

Kano hufanya kazi mithili ya mpira wa manati. Mguu unapokanyaga ardhi, kano hunyumbuka na kuhifadhi nguvu. Mguu unapoondoka, nguvu hiyo hurudishwa na kumsukuma mkimbiaji mbele. Katika mwendo wa kukimbia, mzigo unaolielemea huweza kufikia mara sita hadi nane ya uzito wa mwili. Kwa mwanariadha wa kilo 60, huo ni mzigo wa kati ya kilo 360 na 480 katika kila hatua.

Licha ya nguvu hizo, kano hupata damu kidogo likilinganishwa na msuli. Sehemu iliyo kati ya sentimita mbili na sita juu ya kisigino ndiyo huumia mara nyingi zaidi. Wengine huumia chini kabisa, mahali kano linapoungana na mfupa. Msuli ulioteguka kidogo huweza kupona kwa wiki chache, ilhali kano huhesabu miezi.

JINSI LINAVYOHARIBIKA

Kwa muda mrefu madaktari waliamini kwamba tatizo ni uvimbe wa kawaida, ule unaoambatana na joto na wekundu, na kwamba likitulizwa kwa vidonge kano litapona. Uchunguzi wa makano yaliyougua kwa muda mrefu ulionyesha picha tofauti.

Kano zima limeundwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizolala sambamba kama nyuzi za kamba ya katani. Kano linapobebeshwa mzigo kuliko linavyoweza kujikarabati, nyuzi hizo hupoteza mpangilio wake. Kano hunenepa, na ndani yake huota mishipa midogo ya damu na ya fahamu isiyokuwepo awali. Hiyo ndiyo sababu vidonge vya kutuliza uvimbe huondoa maumivu kwa saa chache bila kubadilisha hali ya kano.

Chanzo kikuu huwa ni mabadiliko ya ghafla. Mkimbiaji aliyezoea kilomita 60 kwa wiki huongeza hadi 100 kwa sababu mashindano yamekaribia. Mwingine huhamia mbio za kasi uwanjani baada ya miezi ya mwendo wa taratibu. Milima nayo ina mchango wake, kwa kuwa mtu anapopanda kisigino hushuka chini zaidi na kano huvutika. Anayeanza kuukwea mpando wa Fluorspar kutoka Bonde la Kerio bila kujiandaa huliweka kano lake majaribuni. Kuacha viatu vyenye kisigino kilichoinuka na kuvaa vilivyo bapa huleta matokeo kama hayo.

Umri, ugonjwa wa kisukari na udhaifu wa misuli ya shavu la mguu pia huongeza uwezekano wa kuumia. Vilevile zipo dawa zinazodhoofisha makano. Mwaka 2008, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliamuru kundi la antibayotiki ambamo siprofloksasini imo liwekewe onyo kali kwamba linaweza kusababisha maumivu au hata kukatika kwa kano. Dawa hiyo hutumiwa sana kutibu homa ya matumbo na maambukizi ya njia ya mkojo, kwa hiyo mkimbiaji anayeandikiwa anapaswa kumweleza daktari kuhusu mazoezi yake.

Dalili ya kwanza kwa kawaida huja alfajiri. Mtu anapotoka kitandani, hatua zake za mwanzo huwa ngumu na zenye maumivu, kisha mguu hulegea. Akianza kukimbia huumia kidogo, halafu mwili unapopata joto maumivu hutoweka. Hapo ndipo wengi hudanganyika wakidhani wamepona, hadi maumivu yanaporejea jioni au kesho yake yakiwa makali zaidi.

CHIMBUKO LA TIBA YA SINDANO

Tiba ya sindano ilianza nchini China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Misingi yake imeelezwa katika kitabu cha kale kiitwacho Huangdi Neijing. Kulingana na nadharia hiyo, nguvu ya uhai iitwayo qi hupita mwilini katika njia maalum, na maradhi hutokea njia hizo zinapozibika au nguvu inapokosa uwiano. Sindano hudungwa katika sehemu mahususi ili kuirejesha hali ya kawaida. Orodha rasmi ya Shirika la Afya Duniani ina sehemu 361.

Nchi za Magharibi zilianza kuizungumzia kwa wingi mwaka 1971, wakati James Reston, mwanahabari wa New York Times, alipougua kidole tumbo akiwa ziarani Beijing. Upasuaji ulifanywa kwa dawa za kawaida za ganzi, lakini maumivu ya tumbo yaliyofuata yalitulizwa kwa sindano, naye akaandika habari hiyo katika gazeti lake. Mwaka 2010, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, Unesco, liliiingiza tiba hii katika orodha ya turathi za utamaduni wa binadamu.

Katika Afrika Mashariki tiba hii ilifuata nyayo za madaktari wa Kichina. Zanzibar ilipokea kundi la kwanza la madaktari hao mwaka 1964, na vikundi vya namna hiyo barani Afrika mara nyingi vimekuwa na mtaalamu wa sindano. Siku hizi zahanati binafsi za tiba ya Kichina zinapatikana Nairobi na katika miji mingine mikubwa.

Wakazi wa pwani wanaofahamu kuumikwa kwa chuku hawana budi kutofautisha tiba hizi mbili. Katika kuumika, ngozi huvutwa na wakati mwingine huchanjwa ili damu itoke. Katika tiba ya sindano damu haikusudiwi kutoka, na tone moja likitokea sindano inapochomolewa huwa ni jambo la bahati tu.

MGONJWA HUFANYIWA NINI?

Tabibu makini huanza kwa maswali: maumivu yalianza lini, mgonjwa hukimbia kiasi gani, ana maradhi gani mengine na anatumia dawa gani. Kisha hulipapasa kano na kumwomba mgonjwa achuchumie kwa mguu mmoja ili aone linavyohimili uzito.

Mgonjwa hulala kifudifudi, miguu ikiwa wazi. Ngozi husafishwa, halafu sindano nyembamba sana hudungwa. Sindano hizo hazina tundu wala hazipitishi dawa, na ni nyembamba mno zikilinganishwa na zile za hospitali za kudunga dawa. Ndiyo maana wengi huhisi kama wameumwa na siafu mmoja tu, au hawahisi kitu kabisa.

Kwa kano la kisigino, sehemu tatu hutumiwa mara kwa mara. Ya kwanza ni Chengshan, chini ya tumbo la shavu la mguu, mahali misuli inapoanza kugeuka kuwa kano. Ya pili ni Kunlun, katika kibonde kilicho kati ya kano na kifundo cha nje. Ya tatu ni Taixi, iliyo mkabala nayo upande wa ndani. Baadhi ya matabibu huongeza sindano karibu na mahali penye maumivu, na wengine huunganisha sindano hizo na mkondo hafifu wa umeme.

Tabibu huzungusha sindano polepole hadi mgonjwa ahisi uzito au ganzi inayosambaa. Sindano huachwa kwa muda wa dakika 20 hadi 30, kisha huchomolewa. Matibabu hayo kwa kawaida hurudiwa mara moja au zaidi kwa wiki, kwa majuma kadhaa.

Wapo pia wataalamu wa fiziotherapia wanaotumia sindano zilezile pasipo kufuata nadharia ya qi. Wao hulenga mafundo yaliyokazana ndani ya misuli, wakiamini kwamba shavu la mguu likilegea kano nalo hupata nafuu.

SINDANO HUFANYA NINI MWILINI?

Wanasayansi hawajaziona njia za qi katika mwili, lakini wamepima mambo kadhaa yanayotokea sindano inapoingia.

Kwanza, mwili hutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu, zikiwemo endofini, ambazo hufanya kazi kwa njia inayofanana na ya mofini. Pili, uchunguzi ulioongozwa na Daktari Helene Langevin nchini Marekani ulionyesha kwamba sindano inapozungushwa, nyuzi za tishu zilizo chini ya ngozi hujisokota kuizunguka kama tambi kwenye uma, na mvuto huo hufika kwenye seli za jirani.

Tatu, mwaka 2010 watafiti wa Japani walipima kiasi cha damu na oksijeni ndani ya kano la Achilles la watu wenye afya. Vipimo vyote viwili viliongezeka wakati wa matibabu ya sindano na vikabaki juu hata baada ya sindano kuchomolewa. Kwa kiungo kinachopata damu kidogo, hilo si jambo dogo. Hata hivyo, damu kuongezeka kwa muda mfupi hakuthibitishi kwamba nyuzi zilizovurugika zimejipanga upya.

USHAHIDI WA UTAFITI

Ushahidi mkubwa zaidi kuhusu sindano na maumivu sugu ulichapishwa mwaka 2012 na kundi lililoongozwa na Andrew Vickers. Kundi hilo lilikusanya takwimu za majaribio 29 yaliyohusisha wagonjwa 17,922 wenye maumivu ya mgongo, shingo, bega, kichwa na viungo vilivyochakaa. Mwaka 2018 uchambuzi huo ulipanuliwa hadi majaribio 39 na wagonjwa 20,827.

Waliotibiwa kwa sindano walipata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakudungwa. Walipolinganishwa na wagonjwa waliotibiwa kwa sindano bandia, yaani zilizodungwa juujuu tu, mahali pasipostahili au zisizopenya ngozi, tofauti iliendelea kuwepo lakini ikapungua sana. Maana yake ni kuwa sehemu ya nafuu hutokana na sindano yenyewe, na sehemu nyingine hutokana na matarajio ya mgonjwa, mapumziko na kushughulikiwa na mtu anayemsikiliza.

Uchambuzi huo haukuhusu kano la Achilles. Kwa kano hili tafiti ni chache na ndogo. Jaribio mojawapo, lililochapishwa nchini China mwaka 2013, liliwahusisha wagonjwa 64 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walitibiwa kwa sindano na nusu wakafanya mazoezi ya kushusha kisigino. Baada ya wiki nane, waliodungwa sindano waliripoti nafuu kubwa zaidi.

Matokeo hayo yanatia moyo, lakini yana mipaka yake. Kila mgonjwa alijua anatibiwa kwa njia gani, na kundi lilikuwa dogo. Jaribio moja la namna hiyo halitoshi kumfanya mwanariadha aache tiba ambayo imechunguzwa kwa miaka mingi zaidi, nayo ni mazoezi.

MAZOEZI NDIYO NGUZO

Mwaka 1998, daktari wa mifupa Håkan Alfredson wa Umeå, Uswidi, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo yaliyobadilisha matibabu ya kano hili kote duniani. Wakimbiaji 15 wa kujifurahisha, waliokuwa wameteseka kwa muda mrefu, walipewa zoezi moja kwa wiki 12. Wote walirejea katika kiwango chao cha kukimbia.

Zoezi lenyewe halihitaji mashine. Mtu husimama kwenye ukingo wa kidato cha ngazi, huchuchumia kwa miguu yote miwili, kisha huhamishia uzito kwenye mguu unaouma na kukishusha kisigino polepole hadi kiwe chini ya usawa wa kidato. Hupanda tena kwa kutumia mguu mzima. Hurudia mara 15 kwa seti tatu goti likiwa limenyooka, na seti tatu nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo. Hufanya hivyo asubuhi na jioni, kila siku. Jumla yake ni mara 180 kwa siku.

Anapoona maumivu yamepungua, huongeza uzito kwa kubeba mkoba wenye mawe au mchanga mgongoni. Ambaye kano lake linauma chini kabisa, penye mfupa, hashauriwi kushusha kisigino chini ya usawa wa kidato, kwa kuwa kano hubanwa dhidi ya mfupa. Yeye huchuchumia akiwa sakafuni.

Mwaka 2015, watafiti wa Denmark walilinganisha utaratibu huo na ule wa kuinua vyuma vizito polepole mara tatu kwa wiki. Matokeo yalikaribiana, jambo linalomaanisha kwamba siri haipo katika zoezi moja mahususi bali katika kulipa kano mzigo unaoongezeka kwa mpango.

Mgonjwa halazimiki kuacha kukimbia kabisa. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 2007, ulioongozwa na Karin Grävare Silbernagel, uliwaruhusu baadhi ya wagonjwa waendelee kukimbia na kuruka mradi maumivu yasizidi tano katika kipimo cha sifuri hadi kumi, na yawe yametulia kufikia asubuhi iliyofuata. Hawakupona vibaya kuliko wale walioagizwa kuacha kukimbia kwa wiki sita za mwanzo. Mwenda pole hajikwai, na katika jeraha hili mwendo wa pole ndio wenyewe matibabu.

HATARI YA KUYANYAMAZISHA MAUMIVU

Hapa ndipo sindano inapoweza kugeuka mtego. Maumivu humwambia mkimbiaji ni kiasi gani kano linaweza kubeba. Ikiwa sindano itayatuliza leo na kesho akaenda kukimbia kilomita 30, atakuwa amelibebesha kano mzigo uleule uliolivuruga, tena bila mlinzi.

Kwa hiyo wakati unaofaa kutumia sindano ni pale maumivu yanapomzuia mtu kulala au kuyafanya mazoezi ya kisigino ipasavyo. Nafuu anayoipata aitumie kuyafanya mazoezi hayo vizuri zaidi. Ikiwa baada ya wiki nne hadi sita hakuna tofauti yoyote, hana sababu ya kuendelea kulipa.

Kisa cha Liu Xiang wa China, bingwa wa Olimpiki wa mita 110 kuruka viunzi mwaka 2004, chaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 2008 aliondoka uwanjani Beijing mbele ya mashabiki wa nyumbani kwa sababu ya maumivu ya kano, akafanyiwa upasuaji Marekani mwezi Desemba. Mwaka 2012 jijini London, aligonga kiunzi cha kwanza, akaanguka na kano likakatika. Alirukaruka kwa mguu mmoja hadi mwisho na kukibusu kiunzi cha mwisho. Hata kwa mwanariadha wa taifa ambalo ndilo chimbuko la tiba ya sindano, kano lililochoka lilibaki kuwa kano lililochoka.

USALAMA WA SINDANO

Mikononi mwa mtu aliyefunzwa, tiba hii ni salama. Mwaka 2001, tafiti mbili za Uingereza zilizofuatilia matibabu zaidi ya 66,000 kwa jumla hazikuripoti madhara makubwa. Yaliyojitokeza zaidi yalikuwa michubuko, damu kidogo, kizunguzungu na maumivu kuongezeka kwa muda.

Hatari hutoka kwa asiyejua au asiyejali usafi. Sindano iliyotumiwa kwa mtu mwingine yaweza kuambukiza homa ya ini aina ya B na virusi vya HIV. Sindano iliyodungwa vibaya kifuani yaweza kutoboa pafu, ingawa kwa jeraha la kisigino hakuna haja ya kufika huko. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wajawazito, na wenye vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo wanapaswa kumwarifu tabibu kabla hajaanza.

Sindano ya akupancha isichanganywe na sindano ya steroidi ambayo baadhi ya watu hudungwa kisiginoni. Steroidi huweza kuondoa maumivu haraka, lakini inapodungwa ndani ya kano la Achilles huongeza hatari ya kano kukatika.

ANGALIZO KWA WANAOSHINDANA

Sindano tupu haijapigwa marufuku na Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli, WADA. Tatizo ni vitu vinavyoandamana nayo. Tangu Januari 1, 2022, kudungwa steroidi za kundi la glukokotikoidi kwa njia yoyote kumepigwa marufuku wakati wa mashindano. Aidha, baadhi ya dawa za mitishamba za Kichina zina mmea uitwao ma huang, wenye efedrini, ambayo pia imewekewa kikomo wakati wa mashindano.

Kanuni humwajibisha mwanariadha kwa chochote kinachopatikana mwilini mwake, hata kama alipewa na tabibu aliyemwamini. Anayepewa unga, chai au plasta ya dawa baada ya kudungwa sindano aulize kilichomo, na asiporidhika akatae hadi apate ushauri wa ADAK, shirika linalosimamia suala hilo nchini Kenya.

KUMCHAGUA TABIBU

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ina sehemu inayohusu tiba asilia na tiba mbadala. Wataalamu wa fiziotherapia nao husimamiwa na baraza lao chini ya sheria ya mwaka 2014. Mgonjwa ana haki ya kuomba kuona leseni na vyeti kabla ya kuvua viatu.

Mambo machache humsaidia kupima. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yake, na sindano zilizotumika zitupwe katika chombo kigumu kilichofungwa. Tabibu aoshe mikono. Aulize kuhusu mazoezi na aeleze mpango wa kuyarudia. Anayeahidi kuponya kano kwa siku tatu, au anayedai malipo ya vikao 20 kwa mkupuo kabla ya kulichunguza kano lenyewe, afaa kuepukwa.

DALILI ZISIZONGOJA SINDANO

Zipo hali ambazo mtu anapaswa kwenda hospitalini moja kwa moja. Ya kwanza ni kusikia mlio wa ghafla nyuma ya kisigino, kama aliyepigwa teke au jiwe, kisha kushindwa kuchuchumia. Daktari humlaza kifudifudi na kuliminya shavu la mguu. Wayo usipocheza, kuna uwezekano mkubwa kano limekatika.

Ya pili ni shavu la mguu mmoja kuvimba, kuuma na kupata joto, hasa baada ya safari ndefu ya ndege. Hiyo huenda ni damu iliyoganda katika mshipa, nayo yaweza kusafiri hadi kwenye mapafu na kuua. Ya tatu ni wekundu, joto na homa baada ya kudungwa sindano, ambazo huashiria maambukizi.

Asiyekuwa na dalili hizo huwa na muda wa kutosha wa kulitunza kano lake. Aanze kwa kupunguza kilomita na kuepuka milima, afanye mazoezi ya kisigino kila siku kwa angalau wiki 12, na aandike katika daftari kiwango cha maumivu kila asubuhi. Akiamua kuongeza sindano, daftari hilo ndilo litakalomwonyesha kama fedha zake zimenunua nafuu au matumaini tu. Wengine huhitaji miezi sita, na wengine mwaka mzima, kabla ya kurudi mashindanoni bila hofu.